Mfuko Niliouanika Juani

Ngozi ya mbuzi iliyopakwa mafuta ya nazi ina harufu nzito, inayoganda puani. Juzi niliisikia kwa fundi viatu pale Kilindoni, nikatafuta pa kukaa. Siku hizi nachoka upesi, wenzangu, hata kukumbuka kunanichosha.

Babu yangu wa Baleni alipigana vita vya Burma. Huko, alitusimulia, walikuwapo Wagurkha, askari wa milima ya Nepali, ambao jioni waliwapulizia wafu wao zumari yenye mfuko wa ngozi. Mpigaji huujaza mfuko upepo, kisha huubana kwapani. Hata akivuta pumzi, sauti haikatiki. Mmoja wao alimpulizia pia Saidi, rafiki wa babu, aliyetoka naye hapa kisiwani asirudi tena. Babu aliporudi alijishonea mfuko wake wa ngozi ya mbuzi, akaupachika zumari ya kwetu, na kila Idi, tukishakula, alimpulizia Saidi wimbo ule uani.

Kuutunza mfuko kwa kuupaka mafuta ya nazi ilikuwa kazi yangu. "Bi mdogo," aliniambia kwa utani wake, "usiuache ukauke." Mwaka niliotimiza miaka tisa nikajitia ujuaji. Nilikuwa nimewaona wapiga ngoma wetu wakizianika ngoma juani ili ngozi ikaze, zilie vizuri. Basi asubuhi ya Idi nami nikauanika mfuko juu ya bati. Mchana babu alipoubana, ukapasuka.

Nilingoja kofi. Hakunigusa. Aliichomoa zumari, akaitia mdomoni hivyo hivyo. Wimbo ukawa unakatika kila anapovuta pumzi, na kila ulipokatika tulisikia kifua chake kikikwaruza.

"Mzee pumzi zimemwisha," bibi alisema, akainamia ungo wake wa mchele. Nikamwamini. Babu hakushona mfuko mwingine, wala hakupiga tena mpaka alipofariki.

Mwaka huu nimemzika mume wangu. Uani palijaa watu, nami nilijikaza kuwaitikia pole zao, lakini kila jibu lilinikatikia njiani, na kifua changu kikatoa sauti ile ile. Niliijua papo hapo. Babu alikuwa akilia. Alilia kila Idi, tangu sijazaliwa, na mfuko ndio uliokuwa ukimsitiri. Bibi alijua. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilimvua sitara yake mbele ya watu wote.