Mguu Ulioumia Kwenye Simu

Nilikuwa narusha tufe. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba msichana wa Kitanzania alikuwa mwanariadha hudhani alikimbia, na nikiwaambia ni tufe hutazama mabega yangu kwanza, kisha hugeuza macho kwa adabu. Nilianza shuleni Edmonton, kaskazini mwa London, siku ya michezo, kwa sababu hakuna msichana mwingine aliyetaka kulishika lile dubwana la chuma. Nilipofika miaka miwili ya mwisho, ile ya kujiandaa kwenda chuo kikuu, sikuwa nimekutana na msichana wa rika langu aliyenishinda.

Mwalimu wa klabu yetu, mzee wa Kijamaika aliyependa kuzungumza akiwa amefumba macho, ndiye aliyeniambia habari za Marekani. Huko, alisema, vyuo vina timu, timu zina makocha, na kocha akikutaka chuo kinakusomesha. Ila kocha hakujui. Hawezi kukuona ukirusha kwenye uwanja wa matope nyuma ya maghala. Lazima umwandikie, na umwandikie wewe mwenyewe, maana kocha akipata barua ya mwalimu au ya mzazi anajiuliza kama mtoto mwenyewe anataka.

Niliandika barua pepe ya kwanza maktaba, kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa. Sasa nimehitimu, nimeandika maombi ya kazi mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, lakini hakuna lililonitoa jasho kama lile. Nilitumia muda mwingi nikifikiria kama nimwite Kocha au Bibi, na kama kumwita Kocha ni kumkosea heshima. Halafu nikamsalimu. Nikatumaini kwamba yu mzima, na familia yake, na kwamba baridi ya huko si kali. Nikamweleza kwamba mimi nami sijambo. Mwalimu alipoisoma alifumbua macho.

"Tufe liko wapi?" akauliza.

Lilikuwa chini kabisa, katika sentensi ya mwisho, nikiomba radhi kwa kumchosha. Akanifundisha kuipindua. Mstari wa kwanza useme wewe ni nani, unarusha nini, na umbali wako mzuri kuliko yote. Wa pili alama zako za darasani. Kisha kwa nini unakitaka chuo hicho na si kingine, na hapo usidanganye, maana makocha wanaijua barua iliyotumwa kwa watu hamsini. Usiseme wewe ni mzuri; andika umbali, yeye atajua. Na asipojibu usinune, mwandikie tena ukiongeza umbali.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alirudi Tanzania nikiwa mdogo na hakuna aliyemngoja. Mama alifanya kazi kwenye makao ya wazee, zamu za mchana na za alasiri, na aliporudi alivua viatu mlangoni na kukaa kitako kwenye ngazi kabla ya kupanda. Nilipomwonyesha barua niliyoipindua aliisoma yote, kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kizuri chajiuza, mama," akaniambia. "Kibaya chajitembeza."

Nilicheka, ila usiku nikaifikiria methali ile mpaka ikaniharibia barua nne. Kila nilipoandika umbali wangu nilijiona niko barabarani na sinia kichwani.

Makocha walitaka pia kuona mkanda wa video. Mwalimu alinipiga picha za video kwa kamera ya mkwewe, na kisha ikajulikana kwamba mikanda ya Uingereza haichezi kwenye mashine za Marekani. Nikaelekezwa Kenton, upande mwingine wa London, kwenye duka la Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa akibadilisha mikanda ya harusi ili jamaa wa Kanada na Marekani nao waone. Aliniuliza kwa Kiswahili harusi ni ya nani. Akauweka mkanda kwenye mashine, akaniangalia nikizunguka ndani ya duara na kulitupa lile tufe, mara moja, mara mbili.

"Bwana harusi alikimbia?" akaniuliza.

Makocha wengi hawakujibu. Wawili walijibu kwa sentensi zilizokuwa za kila mtu. Mmoja, mwanamke wa chuo kimoja kwenye jimbo la theluji, alijibu kama mtu. Aliuliza kwa nini goti langu la kushoto linainuka mapema. Nikamjibu, naye akajibu. Tulifanya hivyo majira yote ya baridi, mpaka akaniambia kwamba ana nafasi moja ya mrushaji, kwamba ananifikiria, na kwamba kabla ya kuamua angependa kuongea na mama yangu. Ndivyo wafanyavyo, alisema. Mtoto anakuja kukaa miaka minne mbali na kwao. Ni vizuri watu wazima wasikilizane.

Alipiga simu Jumapili moja mchana nikiwa mashindanoni. Niliporudi mama alikuwa anakaanga samaki.

"Yule kocha wako kapiga. Mcheshi kweli."

Nilimuuliza wameongea nini. Aliniambia wameongea baridi, wameongea kanisa, na kwamba kocha aliuliza mtoto anaendeleaje. "Nikamwambia unajikongoja tu."

Nililipokea jibu hilo kama lilivyo, maana ndilo jibu la kwetu. Ukiulizwa habari ya mwanao, hata kama ni wa kwanza darasani, husemi ni wa kwanza darasani. Unasema anajikongoja, tunamshukuru Mungu, na aliyekuuliza anaelewa kwamba mambo ni mazuri na kwamba wewe huna majivuno. Nilijiuliza tu amelisemaje kwa Kiingereza. Nikaona ni utovu wa adabu kumuuliza, kana kwamba namsahihisha, na wazo hilo nikalitafuna peke yangu siku nyingi.

Kocha akanyamaza. Nilimwandikia, nikaongeza umbali kama nilivyofundishwa. Kimya. Niliifungua upya kila barua niliyowahi kumtumia, nikitafuta neno lililomuudhi. Mwishowe mwalimu akasema barua imefika mwisho wake, mpigie. Nikanunua kadi ya simu, nikaandika kwenye kiganja maneno ya kuanzia, nikapiga kwenye kibanda cha simu cha barabarani.

Alifurahi kunisikia, nadhani. Swali lake la kwanza lilikuwa mguu wangu unaendeleaje. Nikamwambia mguu upi. Akasema nisiogope, mama yangu alikuwa mkweli, alimwambia kwamba siku hizi nachechemea, najivuta tu, na yeye anamheshimu mzazi wa namna hiyo. Nikajaribu kumweleza. Nilisema ni lugha, ni adabu, sisi tukisema mtu anajikongoja hatuna maana ya miguu. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtoto anayeficha jeraha. Alinijibu kwa upole kwamba kila mwanariadha aliyewahi kumjua ana mguu mzima akiulizwa. Nafasi alikuwa ameshampa msichana mwingine, ila msichana huyo hajasema ndiyo. Mama yangu akipiga simu na kusema mwenyewe kwamba hapakuwa na jeraha, basi tutaongea upya. Ila apige mapema.

Nilikimbia nyumbani, nikamweleza mama. Alishika mdomo kwa mkono, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Masikini Kiingereza changu," akasema. Mimi nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu lilikuwa jambo la kurekebishwa kwa simu moja. Alisema atapiga kesho.

Kesho alikuwa amechoka. Keshokutwa zamu yake iliongezwa. Halafu kadi ilikuwa imekwisha, nikanunua nyingine, halafu huko Marekani itakuwa ni asubuhi mno, halafu ni sikukuu yao, alisikia kwa mtu. Rafiki yake wa kanisani, niliyemwita mama mdogo, alikuja kututembelea na kuisimulia hadithi ile mbele yangu kama vile sikuwapo: mtoto ana mabega ya mbeba mizigo bandarini, mama yake kamtia mkongojo. Alinigonga paja. "Kocha anakungojea na kiti cha magurudumu, mwanangu." Mama alicheka na kumwongezea chai. Nilimkumbusha habari ya simu mgeni alipoondoka. Alisema ndiyo, ndiyo, usinishike kooni.

Sikumshuku. Kwa kawaida nashuku kila kitu. Nikisalimiwa kwa sauti ya chini nawaza wiki nzima nimefanya nini. Lakini mama hakuwa kwenye orodha ya watu wa kushukiwa. Nilidhani anaona haya kurudi kwa kocha na kukiri kosa la lugha, na nikamwonea huruma.

Kisha Jumamosi moja, kabla ya zamu yake, simu ikaita na alikuwa mwenzake wa kazini, msichana mgeni aliyetaka kujua aandike nini kuhusu mzee mmoja wa chumba cha mwisho. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Mama aliongea naye kwa Kiingereza, taratibu, kama anamfundisha.

"Hapana, usiandike hivyo. Huyo hachechemei. Huyo anaburuta mguu wa kushoto, si kitu kimoja. Ukiandika kwamba anachechemea wataelewa kwamba ameumia, watamwita daktari. Mtu huchechemea pale anapoumia. Angalia uso wake akikanyaga."

Alilirudia neno lile lile, lile ambalo kocha alinirudishia kwenye simu, mara mbili, tatu, akilipima na mengine ya jamii yake: kusuasua, kuyumba, kujivuta. Alikuwa nayo yote. Ndiyo maneno aliyoyaandika kila siku ya kazi kwa miaka yote tuliyokaa London.

Alipokata simu nilikuwa nimesimama mlangoni na kisu mkononi. Nikakiweka.

"Mama. Lile neno unalijua."

"Neno gani?"

"Kuchechemea."

Aliangalia simu, kisha akaniangalia mimi. Mama si mwongo. Labda ndiyo sababu ilimchukua muda.

"Siku ile lilinitoka tu," akasema. "Aliuliza mtoto anaendeleaje, nikajibu kama tunavyojibu, likatoka hivyo. Halafu nikalisikia. Naye akauliza, ameumia? Pole sana. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Nikaliacha."

Nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa na jibu langu tayari, kwa kweli nilikuwa nayo kadhaa: kwamba ananionea haya na tufe langu, kwamba anaogopa sitaolewa, kwamba mama mdogo amemwambia kitu. Hakutaja hata moja.

"Nilimwacha bibi yako Korogwe, nikamwambia miaka miwili," akasema. "Nikamzika kwa simu. Nimeshika hii hapa sikioni, wenzangu wanaimba, nasikia jembe. Wewe uniambie minne?"

"Ungeniambia nisiende."

"Ningekukataza ungeniona mama mbaya."

Alilisema bila kupandisha sauti, kama jambo alilokwisha kulipima. Hapo ndipo lilipoingia. Alitaka nisiende, na alitaka pia nisijue kwamba ni yeye. Wiki zile zote nilipokuwa nafungua upya barua zangu kutafuta kosa, alikuwa anapita nyuma yangu na kikombe cha chai, ananiambia nisiumize macho.

"Mpigie," nikasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama. Huko kumekucha."

Nilikwangua kadi, nikabonyeza namba mimi mwenyewe, nikampa mkono wa simu. Nilidhani atababaika. Hakubabaika. Alijitambulisha, akaomba radhi, akasema palikuwa na kosa na kosa ni lake, mtoto hana jeraha lolote na hajawahi kuwa nalo. Kisha akaendelea, wala hakuna aliyemwomba aendelee. Alisema mwanawe ana nguvu kuliko wanaume wawili anaofanya nao kazi. Alisema naamka mwenyewe kwenda uwanjani kwenye mvua, na kwamba sijawahi kuacha kitu nilichokianza, hata kiwe cha kipuuzi. Alisema mimi ni mtoto mzuri sana, kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kumshukuru Mungu katikati na bila kupunguza kitu. Sikuwa nimewahi kumsikia akinisema hivyo kwa lugha yoyote.

Kisha akasikiliza. Alisema ndiyo. Alisema ameelewa, na asante, na kwamba ni yeye mwenye kuomba radhi. Akairudisha simu mahali pake taratibu, akaunyoosha na waya.

"Yule msichana mwingine amekubali," akasema. "Juzi juzi tu. Amesema barua zako zilikuwa nzuri, angekupigia debe kwa wenzake kama si muda, sasa wote wameshajaza nafasi."

Nilitikisa kichwa kuonyesha nimesikia. Aliendelea kusimama pale, na sare yake ya kazi imepigwa pasi, akiwa na mkono mmoja juu ya simu.

"Nimesema vizuri lakini?" akaniuliza.

Nikamwambia amesema vizuri. Nikarudi jikoni kumalizia viazi, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inakaribia na bado hakuwa amekula, na nilipompakulia nilimpelekea sahani mezani na kula chakula changu nimesimama.