Kawa ya Mzee Sulaiti Ndani ya Ngome ya Mombasa

Nilisafiri kutoka Arua hadi Mombasa, nikaingia katika makumbusho ya ngome kongwe, na humo, nyuma ya kioo, nikaikuta kawa ya jirani yangu.

Yake ilikuwa imebaki nyumbani, mtaani kwetu Oli, Arua. Hii ilikuwa pacha wake.

Jamani, nilichoka ghafla kama mtu aliyetwishwa gunia.

Mwaka ulikuwa 1974. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi mlango kwa mlango na Mzee Sulaiti, Mnubi, fundi cherehani. Zama zile, nyumba isiyo na askari katika ukoo wake haikuwa na sauti mjini. Sauti ya Mzee Sulaiti ilitokana na jambo moja tu: baba yake, Kenyi, askari wa Mwingereza, alilinda ngome ya Mombasa na kufia huko.

Kila Ijumaa baada ya swala, wazee walikunywa kahawa ya tangawizi kwenye baraza ya duka la Fadhul, muuza nguo mwenye mdomo mpana. Nami, ingawa si Mwislamu, nilikaribishwa kikombe.

Ijumaa moja Sulaiti akaianza tena hadithi yake. Fadhul akaweka kikombe chini.

"Sulaiti, wewe kila siku ngome, ngome! Baba yako alilinda ngome, ama ngome ndiyo ililinda yeye?"

Baraza zima likaangua kicheko.

Sulaiti aliondoka na hakurudi. Hata cherehani yake ikanyamaza.

Walimu tulipopanga ziara ya Mombasa, alinijia.

"Mwalimu Andama, watu nasema ndani ya ngome sasa iko nyumba ya vitu ya zamani. Tafuta picha ya baba yangu. Ukiona, mimi narudi kwa Fadhul. Usipoona, nabaki kwa nyumba mpaka wanizike."

Akanionyesha kitu pekee alichoachiwa: kawa ya kufunikia chakula, ambayo Wanubi huiita tabaga. Aliambiwa tangu utotoni kwamba baba yake aliinunua sokoni Mombasa.

Mkewe, Zulaika, akacheka. "Angalia, Mwalimu! Sisi wanawake ya Oli tunashona inazunguka kuume. Hii inaenda kushoto. Huyu mushonaji alikuwa anatembea kinyumenyume!"

Na pambo lake lilikuwa la nyuzi za sufu nyeusi, si ukindu uliotiwa rangi.

Basi hadi Pakwach, kisha treni baada ya treni. Tulipofika Mombasa miguu yangu ilikuwa imevimba. Tuliona mizinga, sahani za Kichina, milango ya nakshi. Wenzangu walistaajabu. Mimi nilisoma majina chini ya kila picha, na jina la Kenyi sikuliona.

Ndipo nikaiona kawa. Inazunguka kushoto. Sufu nyeusi.

"Mwalimu, mbona waigandia hiyo?" mwongozaji wetu akanitania. "Wataka ukafunikie ubwabwa?"

"Ilinunuliwa soko gani?"

"Soko? Hiyo haikuuzwa, bwana. Kabla ya makumbusho, hapa palikuwa jela. Hizo ni kazi za wafungwa. Hizo nyuzi nyeusi walizichomoa kwenye mablanketi yao. Aliyeshona hii alikuwa askari wa Kisudani, Mnubi, akafungwa, akafia humu kwa homa. Hakuna mwingine aliyeshona kwenda kushoto."

Njia yote ya kurudi sikulala vizuri.

Nilipofika Oli, Mzee Sulaiti alikuwa ananisubiri. Amenyoa ndevu. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mama yake, Kaltumu, tuliyemwita Haboba, yaani bibi, alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma yake.

"Umeona?"

Neno moja tu, "nimeona," lingemrudisha barazani.

"Sikuona picha, Mzee. Nimeona tabaga." Nikamweleza yote, polepole, kama ninavyoeleza darasani.

Akakaa chini na kanzu yake safi, vumbini.

Ndipo yule bibi akasema, "Kenyi hapana iba. Hapana ua mutu."

"Mama! Ulijua?"

"Najua huu mkono. Kenyi akiwa mtoto alikuwa anakaa mbele ya mama yake, anatazama yeye akishona, si kando kama wasichana. Mkono ikajifunza kinyume." Akaipapasa kawa iliyokuwa mapajani mwake. "Afande aliambia Kenyi achape rafiki yake viboko, mbele ya askari wote. Kenyi akatupa kiboko chini. Wakafunga yeye, na rafiki akachapwa na mwingine. Huyo rafiki ndiye alileta tabaga, ameficha ndani ya koti. Akalia hapa kwa mlango. Akasema, Kaltumu, usiambie watu nilichapwa kama punda. Mimi nikaapa."

"Rafiki gani, Mama?"

"Baba ya Fadhul."

Zulaika aliondoka kwenda jikoni.

Ijumaa iliyofuata Mzee Sulaiti alibeba sinia la gurusa, mikate ya Kinubi, akalifunika kwa kawa ile, akaelekea barazani. Nilimfuata nikijua kwamba leo Fadhul amekwisha. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Sulaiti, na mashahidi walikuwa wamejaa.

"Fadhul, ulisema kweli," akaanza. "Ngome ndiyo ililinda baba yangu. Alikuwa mfungwa."

Vikombe vikasimama hewani.

"Eh! Alifanya nini?" Fadhul akauliza.

Sulaiti akamtazama. Nami nikashika ukingo wa benchi.

"Alikataa kazi."

Kicheko kikaanza upande mmoja, kikaenea. Fadhul alicheka kuliko wote. "Kumbe umerithi! Suruali yangu iko kwako tangu Ramadhani!"

Sulaiti naye akacheka. Akaifunua kawa.

"Kula, ndugu yangu."

Kila Ijumaa tangu hapo alikuwa barazani, bila ile sauti ya mwana wa askari wa ngome, na cherehani yake ikasikika tena. Fadhul alikufa bila kujua.

Majina nimeyabadilisha, kwa sababu wajukuu wao wanasoma haya. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na bado nawapeleka wanafunzi kutazama vitu nyuma ya vioo. Ila nikichoka, huikumbuka ile kawa iliyobaki Oli. Si kila ukweli tulionao juu ya mtu tumepewa ili tumpige nao. Mwingine tumepewa tuufunike, chakula kisiingie vumbi.