Kompyuta ya Marehemu Aristide

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Kalume ni mkono wake wa kulia. Alikuwa akila ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwa mkono wa kushoto, bila haya, ili wa kulia ubaki safi kwa kazi. Alivuka Ziwa Tanganyika kutoka mji wa Baraka, Kongo, miaka kumi na miwili iliyopita, akajifunza ufundi kwa kufungua kompyuta zilizokufa, na leo Rumonge nzima inamjua.

Sifa yake kubwa ni kufuta. "Wengine wanatupa ndani ya kikapu cha mashine, wanasema wamefuta," aliniambia. "Mimi nikifuta, hata malaika harudishi." Akisha kufuta, huijaza diski kwa video za kwaya ya kanisa lao mpaka nafasi iishe, kisha huzifuta nazo. Kilichofunikwa hivyo hakionekani tena.

Alhamisi nilikuwa dukani kwake Samy alipoleta kompyuta ya kaka yake, marehemu Aristide.

"Futa yote, fundi. Iko mtu wa kule Kizuka anataka kuinunua."

Mara Benita, mjane wa Aristide, akaingia akihema, mtoto mgongoni. Ndani ya mashine ile mlikuwa na video ya siku ya mahari. Yeye na Aristide hawakuwahi kuandikisha ndoa komine, ofisi ya serikali. Ni video ile tu iliyomwonyesha baba mkwe akikabidhi mahari kwa wazazi wake. Sasa mzee anakana kila kitu, na Jumapili ukoo unakaa kuamua kama Benita atolewe nyumbani.

"Kaka Kalume, nakuomba, nitolee ile video moja tu."

"Mashine iko ya nani?"

"Iko ya kwetu," alijibu Samy. "Huyu mama alizoea tu kulala kwetu."

Wateja wakacheka. Kalume akabonyeza kitufe, akafuta, akaanza kuimiminia diski kwaya yake. Alifungua wimbo mmoja kuhakikisha unacheza. Uso wa Benita ukajaa kioo kizima: yuko mstari wa mbele, anaimba kwa nguvu zake zote.

"Ona, mama! Unajifuta mwenyewe. Na sauti iko tamu!"

Benita hakulia. Alisimama akijitazama mpaka diski ikajaa.

Walipoondoka nilimuuliza Kalume kama alijua mahari ilitolewa kweli.

"Wali wa siku ile niliula. Sahani mbili."

"Basi utasema hivyo Jumapili?"

"Aliyeniletea kazi ni Samy," alisema, akarudia ndagala wake.

Jana Ange, binamu wa Benita aliyeipiga ile video, alipiga simu kutoka Kabonga, karibu na Nyanza-Lac. Ameiona kadi ya kumbukumbu ya simu yake ya zamani, ile aliyorekodia, ndani ya sanduku. Hajui kama bado ina kitu, lakini anaileta leo.

Leo ni Jumamosi. Tangu saa kumi na mbili asubuhi Benita yuko kituoni na mtoto wake, na kila gari linalotoka Nyanza-Lac analikimbilia kabla halijasimama.