Matofali Yaliyolazwa Ubavu

Juzi mtoto wangu alipindua ndoo ya matofali ya kuchezea sakafuni, hapa kwangu Beni, na ule mlio wake, kama mahindi makavu yanayomwagwa kwenye ungo, ukanirudisha Butembo, nyumbani kwa wazazi wangu, wakati wa vita.

Yetu hayakuwa na ndoo. Mjomba, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba, aliyakuta katikati ya mzigo uliotoka Uganda, yamefungwa ndani ya suruali ya mtu mnene sana. Yalikuwa ya plastiki, yenye meno juu na matundu chini ili yashikane, wala hayakuwa na picha ya kuonyesha yajengwe nini. Mengine yalikuwa yametafunwa pembeni. Mdogo wangu wa kike, Ngalula, alishikilia kwamba aliyeyatafuna ni mtoto wa Kizungu mwenye njaa, akawa anamhurumia.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Serikali ilimtuma Butembo kutoka Kasai, mbali, ambako hawasemi Kiswahili, akamwoa mama, binti wa kijiji cha Alimbongo, kisha vita ikaikata nchi vipande na njia ya kurudi kwao ikafungwa. Kiswahili chake kilichekesha soko zima, naye alicheka pamoja nao. Bunduki zilipolia, tuliingia sote katika kulwari, ile njia nyembamba kati ya vyumba, isiyo na dirisha. Mama aliingia wa mwisho, sufuria mkononi. “Kiazi kikiiva, vita itangojea,” alikuwa akisema, na harufu ya viazi vya moto ikajaa humo pamoja na jasho letu.

Baba alikaa upande wa mlango na kututolea sheria ya siku ya kujengea matofali. Kupanga tofali juu ya tofali alisema ni kazi ya watu waliochoka. Siku moja sheria ilikuwa kulaza matofali ubavu: unachomeka ukingo wa tofali katikati ya meno ya jingine, na ukibonyeza mno linaruka. Siku nyingine tulianza na paa tukateremka hadi msingi, kisha tukaipindua nyumba nzima huku tumezuia pumzi. Kuna siku alitukataza kutumia meno kabisa, tukafunga kuta kwa uzi wa kushonea. Ngalula, ambaye mezani hakuweza kutulia, aliweza kukaa hapo akitafuta tofali moja mpaka mate yakamdondoka.

Asubuhi moja milio ya risasi, masasi kama baba alivyoziita, ilianza karibu kuliko siku zote. Vumbi lilianguka kutoka darini. Baba akatoa sheria tuliyoiona haina akili: mnara wa mviringo, kwa matofali ya pembe nne tu. Tulibishana naye. Mwishowe tukagundua kwamba vijitofali vidogo, ukivipishanisha safu kwa safu bila kuvibana sana, kila kimoja kinakubali kugeuka kidogo, na ukuta mrefu unaanza kupinda. Tuliuzungusha polepole. Ncha zake mbili zilikuwa karibu kukutana pale mlango wa mbele uliposukumwa.

Aliingia askari mmoja, mtu mzima, koti lake limelowa. Alimwambia baba, kwa Kilingala kwanza kisha kwa Kiswahili, kwamba anataka redio. Mama akainuka taratibu akaenda kuileta. Askari alibaki amesimama juu yetu, bunduki ikining'inia, akiutazama ule ukuta. Kisha akainama, akanyoosha mkono.

“Hapana gusa,” Ngalula akamwambia, bila hata kuinua kichwa. “Haiyaisha.”

Mkono wa askari ulibaki hewani. Halafu akaurudisha, akaufuta kwenye koti kana kwamba ndio uliokuwa na kosa.

“Pardon, mama mudogo,” akamwomba radhi.

Akapokea redio kutoka kwa mama, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake vizuri, kama mgeni. Ngalula akamwomba baba afunge zile ncha mbili, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na nguvu. Baba alijaribu, tofali likamponyoka. Alijaribu tena. Mwishowe akasema tumalize wenyewe, yeye macho yake yamechoka. Tukamaliza. Mnara ulisimama, umepinda kidogo upande mmoja, na mama akatugawia viazi.

Kwa miaka mingi nilieleza watu kwamba baba yangu ni fundi, kwamba alijua siri za ujenzi ambazo hata waliotengeneza yale matofali hawakuziwaza. Nilipokuwa tayari mama wa mtoto, njia zilikuwa zimefunguka na baba amerudi kuzeekea Kasai. Nikamfuata huko kumsalimia, nikamuuliza zile sheria alizitoa wapi. Alifikiri kidogo, akacheka kile kicheko chake cha sokoni.

“Mimi kujenga hapana nilijua, mwanangu,” akasema. “Bon, masasi ikikaribia, nilitafuta kitu ngumu zaidi. Nilitaka tu muangalie chini. Musiangalie sura yangu.”