Mkono Bila Glavu

Mama yangu mkubwa ana mkono wa birika, na hilo nalisema mbele yake. Kipande cha sabuni hakitupi mpaka kimalizikie kiganjani. Kule wodini, anakoogesha wagonjwa mwaka wa kumi na tisa sasa, pea moja ya glavu ilimtosha asubuhi nzima. Si kwamba ni mchafu, la hasha. Kila alipomaliza mgonjwa mmoja aliminya kitakasa mikono juu ya glavu zilezile, akazisugua mpaka zikauke, ndipo akaenda kwa mwingine. Aliona amefanya usafi na ameokoa mali ya hospitali, yote kwa mpigo mmoja.

Nyumbani, ninakoishi nao, mumewe, yaani baba mkubwa, alikuwa anatumia dawa za saratani. Daktari alishawaonya kwamba dawa hizo zinamaliza na kinga yake, hivyo kijidudu kidogo tu kingeweza kumwondoa. Kwa hiyo mama mkubwa akitoka kazini alioga kwanza, akabadili nguo, ndipo akamsogelea. Alimlisha kwa mkono, kwa sababu kijiko kilimtia baba mkubwa kichefuchefu.

Siku moja wodini kidole chake cha shahada kilimchoma ghafla. Kina ufa usiopona, kwa sababu ya maji na sabuni za miaka yote hiyo. Kitakasa kilikuwa kimepenya ndani ya glavu. Aliivua, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha, asione tundu. Ila ilikuwa imelegea na inanata.

Jioni hiyo alikuja na glavu mbili mpya. Moja aliisugua kitakasa mara nane, nyingine akaiacha ilivyo. Akazijaza maji kwenye sinki, mimi nikashika, baba mkubwa akitutazama kutoka kitini. Ile isiyosuguliwa ilivimba, nje ikabaki kavu. Ile iliyosuguliwa ilitoa maji membamba pale kidole gumba kinapoanzia.

"Miezi minne," mama mkubwa alisema. "Miezi minne nimekulisha kwa mkono huu."

"Na nimeshiba," baba mkubwa akajibu.

Mama mkubwa hakucheka. Usiku huo alihamia chumbani kwangu. Sahani alinipa mimi nimpelekee, na kijiko cha plastiki juu yake. Baba mkubwa alikula vijiko viwili vitatu, akaisukuma. Siku ya nne hakuigusa kabisa.

"Mwambie mama yako nimekuwa mgeni humu ndani," aliniambia.

Nilikasirika, sikuficha. Nikamwambia mama mkubwa kwamba kinachomwua mzee sasa ni njaa. Kesho yake akapiga moyo konde, akaenda kumweleza sista mkuu wa wodi kila kitu. Sista alimkaripia vilivyo. Spiriti iliyomo kwenye kitakasa inadhoofisha glavu, alimwambia, na hata ingekuwa nzima, glavu ni ya mgonjwa mmoja: vua, tupa, safisha mikono, vaa nyingine. Halafu akamwuliza mzee anaendeleaje, mama mkubwa akalia.

"Nenda kamlishe mumeo," sista alisema. "Osha mikono kwa sabuni, ziba huo ufa kwa plasta. Inatosha."

Alirudi nyumbani akaketi mbele ya mumewe na sahani ya viazi vya kuponda, amevaa glavu mpya mbilimbili. Baba mkubwa alifumba mdomo.

"Vua."

"Naogopa, mume wangu." Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno hilo, tangu nizaliwe.

"Najua. Vua."

Akazivua. Alinawa kwenye sinki mpaka nikamfungia bomba mwenyewe, nikamkausha kwa taulo safi, nikambandika plasta. Akakata tonge dogo, akampelekea mdomoni. Baba mkubwa alilitafuna taratibu, akalimeza. Kisha akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, asiuachie, mpaka viazi vikapoa. Na mama mkubwa, asiyevumilia chakula kipoe, hakuuvuta mkono wake.