Upande wa Pili wa Kaseti ya Kijivu

Betri mpya nyumbani kwetu zilikuwa za taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Hiyo ilikuwa amri ya baba na hakuna aliyeigusa. Kule kijijini kwetu Rugu, katika miaka ile ya tisini, matangazo ya vifo yalikuwa yakirefuka kila mwezi, na baba aliyasikiliza akiwa ameinama, sikio karibu liguse redio, akiogopa kusikia jina la mtu wa ukoo wetu. Betri zikichoka hadi redio ikawa inanong'ona tu, ndipo zilipotufikia mimi na kaka yangu. Tulizianika kwenye jamvi pamoja na kahawa, tukazigeuza jua likigeuka, na jioni tukazitia kwenye redio kaseti ya kaka. Jua lilizipa nguvu kidogo betri zile zilizozeeka, si nyingi.

Redio kaseti hiyo kaka alipewa na kijana mmoja wa Kizungu aliyekuja kutandaza mabomba ya maji. Kaka alichimba naye mitaro msimu mzima. Kijana yule alipoondoka alimwachia na kaseti tatu. Alimweleza kwamba rafiki zake wawili huko kwao wana kampuni ya muziki ndani ya chumba kimoja, wanapiga na wenzao kwa mashine za umeme, wanarekodi na kunakili kaseti wenyewe, kidogo kidogo, na hata kwao watu wanaozijua ni wachache. Majalada yalikuwa karatasi ya kaki iliyokatwa kwa mkasi, na juu yake muhuri wa konokono.

Kaka alijivunia konokono yule utadhani alimfuga mwenyewe. "Nyimbo za redioni wanazisikia wote, hadi mbuzi," aliniambia. "Hizi tunazo sisi."

Tuliyoipenda kuliko zote ni ile ya kijivu. Haikuwa na mwimbaji, wala gitaa, wala neno hata moja. Ilianza kwa mngurumo wa chini kabisa, kama mashine ya kukoboa kahawa ukiisikia kutoka kilima cha pili. Kisha matone. Kisha pigo moja zito, kimya, pigo jingine, mtu anatwanga kitu mbali na hana haja ya kumaliza. Halafu sauti fulani inapanda, inapanda, na haifiki. Uliniogopesha muziki ule, na niliupenda. Sina namna nyingine ya kusema.

"Usisubiri wimbo," kaka alinifundisha. "Sikiliza nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo." Alisema kaseti zote tatu zimepigwa na watu tofauti, lakini aliyezichagua ni mmoja, na huyo mtu hana haraka. Ndiyo maana akaweka konokono kwenye muhuri. Nilimwona kaka ana akili sana.

Tatizo lilikuwa upande wa pili. Kila mara, katikati yake, betri zilikata roho. Mapigo yaliachana zaidi na zaidi, mngurumo ukawa mkoromo, kisha basi. Hatukuwahi kufika mwisho. Kaka alitoa betri, akazipuliza vumbi, akasema, "Kesho."

Mama hakuupenda muziki ule hata siku moja. "Mwimbaji wake yuko wapi?" aliuliza.

"Hana mwimbaji, mama."

"Kinavuma bila mtu. Sasa kinamwita nani?"

Nilimjibu vibaya siku hiyo, maana nilikuwa na mdomo. Lakini majirani nao walianza kuharakisha hatua wakipita nyuma ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, jioni, na nilipowaamkia waliitikia bila kusimama.

Halafu kaka akaanza kukonda. Ugonjwa ule hakuna aliyeutaja kwa jina mbele ya mlango wa mgonjwa. Tulisema malaria, tukasema kifua. Kulikuwa na nyumba kadhaa kijijini petu ambazo zilikuwa zimefungwa, migomba yake imezibwa na majani makavu kwa kukosa wa kuipogoa, na kila mtu alijua sababu. Nikauogopa muziki kwa namna mpya. Pigo lilipochelewa, nilimtazama kaka kifuani nione kama naye amechelewa. Mama alitaka kaseti itupwe chooni. Kaka akaiweka chini ya mto.

"Nataka kujua tu wanamalizaje," aliniambia. Hilo ndilo alilolitaka, mtu ambaye hata uji haukuwa unapita kooni mwake. Hakuomba kingine.

Siku moja alasiri baba aliingia chumbani na betri mpya, bado zimo kwenye karatasi ya dukani. "Mtilie haya mawe," akasema.

Mama aliziona, akatoka kwenda jikoni. Alielewa, nami nilielewa. Baba asingempa betri mpya mtoto ambaye yeye baba bado alitegemea kwamba atainuka.

Nilizitia, nikaweka upande wa pili wa kaseti ya kijivu, nikabonyeza. Kikatoka kitu chepesi, cha haraka, kinarukaruka, matone yanakimbizana kama kuku wamemwagiwa mtama. Ulikuwa muziki wa kucheza. Ungeweza kuupiga harusini. Tulitazamana. Kumbe betri zilizochoka zilikuwa zikiuzungusha mkanda polepole siku zote. Kaseti ya kwaya ikilegea unajua, kwa sababu sauti za akina mama zinageuka za mababu. Lakini muziki usio na mwimbaji utajuaje kwamba umelegea? Miaka yote ile hatukuwahi kuusikia ulivyo hasa.

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafumba macho. "Zima. Huu si wenyewe."

"Ndiyo wenyewe," nikasema. "Ule mwingine ulikuwa umechoka."

"Basi mimi nautaka uliochoka. Baba, asante, usinichukie."

Baba alizitoa betri zake, akazirudisha kwenye redio yake. Kesho yake asubuhi nilimkuta amechuchumaa kwenye jamvi la kahawa, anazigeuza betri zetu kuukuu na kufukuza kuku. Jioni tukapiga. Zikaishia palepale.

"Tumefika?" kaka aliuliza.

"Bado."

"Kesho."

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, betri zikiwa zimeshaanikwa juani.

Tulimzika kibanjani, kati ya migomba. Baba alituma tangazo, na siku liliposomwa tulikaa wote kuizunguka redio. Msomaji alisoma jina la kaka upesi, kwa sauti safi, akaenda kwa marehemu mwingine. Betri zilikuwa zilezile mpya.

Baba hakuizima. Aliibeba redio, akaiweka juu ya kigoda karibu na kaburi, akaiacha inasema. Nilimuuliza anafanya nini. "Yachoke kwanza haya mawe," akasema, "ndipo umpigie." Basi redio ilisema peke yake kibanjani, habari, mahubiri, bei za mazao, vifo, mchana kutwa, siku baada ya siku. Watu waliacha kabisa kupita njia ile. Mama alijifunika kanga masikioni, lakini hakumkataza. Sauti ikapungua polepole hadi ukawa unaona kama mtu anaongea ndani ya shimo.

Alasiri moja baba alinipa zile betri mkononi. Tukaketi kaburini, mimi na yeye na mama, nikaweka upande wa pili. Mngurumo ukaja, mzito, wa kwetu. Pigo. Kimya. Pigo. Tukapita mahali tulipozoea kukwama, na ukaendelea, sauti ile ikipanda, ikipanda. Mama alinishika mkono.

Kisha, katikati ya kupanda, kitufe kikaruka: tak. Mkanda ulikuwa umefika mwisho.

Baba alingoja, kichwa kimeinama. "Endelea," akasema.

"Umeisha, baba."

"Haujaisha," alisema. "Umekatwa."