Mlenda Kwenye Saluni ya Optatus

Optatus Matonya ni kinyozi wa Miyuji, Dodoma, mzaliwa wa Buigiri, na bahari ameiona mara moja tu, alipokwenda Dar es Salaam kumzika shemeji yake. Kilichomkaa kichwani si bahari yenyewe. Ni tangi la kioo katika chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, lenye samaki wa rangi ya chungwa. Aliwatazama mpaka akasahau jino lililompeleka.

Mwaka huu kinyozi wa ng'ambo ya barabara alipofunga televisheni kubwa ukutani, Optatus alijibu kwa kununua bahari. Ilikuja kwa basi: tangi, taa yake, pampu, mfuko wa chumvi maalumu, na baadaye samaki wawili. Mwanaidi, aliyemuuzia, alimweleza kwenye simu kipimo cha chumvi na aina ya maji. Optatus alisikiliza kwa adabu, kisha akafikiri kama mtu wa Dodoma. Maji ya kisima chake yana chumvi tangu alipochimba. Chai yake ya chumvi inajulikana mtaa mzima. Ya nini kupoteza chumvi ya kununua kwenye maji yenye chumvi ya bure? Akatia nusu kipimo na kujipongeza.

Tangi aliliweka mlangoni lipigwe na jua vizuri. Taa haikuzimwa, maana hata mpita njia wa usiku ana haki ya kuiona bahari. Wateja nao ni watu wakarimu: aliyekuja na chapati alimega, aliyekuja na andazi alimega, wakawatupia samaki.

Kioo kikaanza kuota vumbi la kahawia. Kisha ukaja utelezi wa kijani, mrefu kama nywele, ukafunika mawe yote.

"Optatus, kaka, mlenda umeshaiva," alisema Fulgence, fundi baiskeli wa jirani. "Nikalete ugali?"

"Hiyo ni mimea ya baharini. Wewe mzaliwa wa Busi, bara huku, utaijulia wapi?"

"Sawa. Basi zinyoe hizo nywele. Si ndiyo kazi yako?"

Alizinyoa kweli, kwa mswaki. Zikarudi na afya kuliko mwanzo. Ndipo samaki mmoja akakutwa anaelea, na wa pili akabaki juu juu, akihema. Optatus alimpigia Mwanaidi, na kwa bahati yetu sote akaweka simu kwa sauti kubwa.

"Baba, maji unatoa wapi?"

"Kisimani. Yana chumvi tayari."

"Chumvi ya kisima si ya bahari, baba. Hayo kwa mwani, huo utelezi wako, ni mbolea. Na taa?"

"Inawaka."

"Muda wote? Na wanakula nini?"

"Vitu vidogo vidogo."

"Chapati!" Fulgence alisaidia.

Mwanaidi aliagiza maji ya kunywa ya dukani, chumvi ipandishwe polepole hadi kipimo kamili, na tangi lifunikwe gizani mpaka mwani ufe. "Mwanga ukiingia, unaanza upya. Na huyo aliyebaki hatavumilia mara ya pili."

Bahari ikafunikwa blanketi. Optatus akawa kinyozi pekee wa Miyuji ambaye wateja wake husubiri wakitazama blanketi.

Jumamosi akaja Noeli, bwana harusi, na wasindikizaji wake na mpiga picha.

"Shikamoo mzee. Tunanyoa wote, ila picha tutapigia hapo kwa samaki."

"Marahaba. Samaki anaumwa."

"Dakika moja tu, mzee. Funua upande mmoja."

Optatus alivitazama vile vichwa vyote, mapato ya wiki nzima yakiwa yamesimama mlangoni.

"Sifunui."

"Basi tunavuka barabara."

"Vukeni salama. Muwe na ndoa njema."

Wakavuka. Optatus alipogeuka aliona blanketi lina kitundu upande wa jua. Akachukua joho lake la kunyolea, kwa kuwa hapakuwa na mteja wa kuvishwa, akakiziba nalo.